Zilipendwa na Nani?

Neno "zilipendwa" mimi silipendi. Eti zilipendwa, kana kwamba wapenzi wake wamekwisha kufa wote. Washikaji wa kijiweni kwetu wakisikia gita la Mbaraka Mwinshehe wanasema hizo za wazee, zima hiyo redio. Nawaambia waje Kilosa waone watu wanavyogombana.

Kwanza tukumbushane. Mbaraka alizaliwa mwaka 1944. Miaka ya sitini akaingia Morogoro Jazz, na huko alikuwa anatunga, anaimba na kupiga gita la solo, yote mwenyewe. Mwaka 1970 bendi ilikwenda Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka. Mwaka 1973 akajitenga, akaunda Super Volcano. Januari 1979 ajali ya gari ikamchukua huko Kenya, hajatimiza miaka 35. Watu husema jogoo la shamba haliwiki mjini, na yeye ana wimbo wenye jina hilo hilo. Lakini jogoo huyu wa Morogoro aliwika mpaka Nairobi na Mombasa.

Basi huo mwaka 1973 ndio uliogawa ukoo wetu. Mjomba wangu, mstaafu wa reli pale Kilosa, ni mtu wa Morogoro Jazz. Baba mdogo, aliyemwoa mdogo wake mama, anakaa Mikumi (ndiyo Mikumi hiyo iliyomchagua Professor Jay kuwa mbunge mwaka 2015, watu wa kule wanawaamini wanamuziki). Yeye ni wa Super Volcano, damu. Zamani alikuwa utingo kwenye malori ya barabara ya Iringa, na anasema usiku wa mbugani hauna dawa kama sauti ya Mbaraka kwenye redio ndogo ya betri.

Wakikutana ni salamu, halafu vita.

"Shemeji, lisikilize gita la 'Shida'. Morogoro Jazz wangeliweza hilo?"

"Shemeji, bila Morogoro Jazz huyo Volcano wako angejifunzia wapi?"

Mjomba alikuwa na sanduku zima la kaseti. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009, yale yaliyobomoa mpaka reli, yalikwenda nalo. Hakulalamika. Alisema zote anazo kichwani. Sisi tunaojifunza kuandika tujiulize hapo: ni shairi letu lipi ambalo mtu angebaki nalo maji yakishapita?

Mwaka 2021 mjomba alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakaondoka. Mtu aliyekuwa akibishana tangu asubuhi hadi taa zinawashwa, sasa hawezi kuomba maji ya kunywa. Anakutazama tu, mdomo unatafuta, haupati. Nilikuwa naogopa kukaa naye peke yangu.

Baba mdogo alikuja kutoka Mikumi, akakaa kwenye mkeka, akaanza kuimba "Shida" taratibu. Mjomba akaitikia. Si kwa kunung'unika, bwana, kwa maneno kamili, ubeti mpaka ubeti! Mkewe aliangusha ungo wa mchele. Daktari alitueleza baadaye kwamba kuongea kunategemea sana upande wa kushoto wa ubongo, ule ulioumia, lakini kuimba kunaushirikisha sana na upande wa kulia. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii anaweza kuimba asichoweza kusema.

Tangu hapo nyumba ile ikapata lugha mpya. Mjomba akiwa na haja yoyote anaimba "Shida". Muuza samaki akipita, anaanza "Pesa No. 1", mkewe anatoa pochi. Tulikuwa tunacheka, lakini usiku mama alikuwa analia kwa sababu kaka yake hamwiti jina. Hakuna wimbo wenye jina la mama.

Miezi ikapita hivyo. Jumamosi moja baba mdogo, sijui alichoka au alipanga, akasema kwa sauti kubwa: "Ila shemeji, ile safari ya Osaka walikwenda Super Volcano."

Kimya. Mkono wa kushoto wa mjomba ukapanda, kidole kikatetemeka.

"Muongo!"

Hakuimba. Alisema. Kisha akahangaika, jasho linamtoka usoni, akaongeza: "Sabini! Sabini!" Maana yake sote tuliijua, mwaka 1970 hiyo Volcano ilikuwa haijazaliwa. Baba mdogo alikuwa anafuta macho na kofia yake, huku akisisitiza kwamba ni Super Volcano.

Siku hizi haji mikono mitupu. Anakuja na uongo mmoja mpya, na mimi ndiye ninayemsaidia kuutunga tukiwa stendi. Mwezi uliopita alimwambia shemeji yake kwamba Mbaraka ni mzaliwa wa Mikumi, tena nyumba yake iko nyuma ya mizani. Mjomba alicheka kwanza, akapumua, ndipo akaanza kutafuta maneno. Yalikuja manne.