Taa Iliyopepesa Mpemba

Likizo iliyopita, natoka Vwawa kwenda Tunduma na Noah ya baba, nilipofika Mpemba taa ya injini ikaanza kuwaka na kuzima. Gari ikawa inamisi, inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Jamani, hiyo Noah ndiyo ada yangu! Nikajikongoja nayo hivyo hivyo hadi Tunduma.

Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua: "Nunua koili zote nne." Wa pili, mzee mmoja, alianza kwa kunigombeza. Taa ikiwaka tu, unaweza kwenda taratibu hadi gereji. Ikipepesa unapaki, maana petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza katalisti. Akachomeka mashine: P0302, yaani silinda ya pili haiunguzi mafuta. Koili yake akaihamishia silinda ya tatu, akafuta ile namba, akawasha. Mashine ikasoma P0303.

"Umeona, mwanangu? Ugonjwa umehama na koili."

Nikakumbuka nilipokuwa TP: wanafunzi watatu walikwama kwenye hesabu za sehemu, mimi nikarudia mada nzima kwa darasa zima.

Jioni baba akauliza nimenunua nini. Koili moja. Hakuamini, akachukua tochi akaenda kufungua boneti.