Siku Isiyo na Jina

Kiswahili kina neno sikusare. Ndiyo siku ambayo mchana na usiku hulingana kwa urefu, nayo hutufikia mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 20 Machi, jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini, na tarehe 22 au 23 Septemba, linaporejea kusini. Neno limeundwa kwa werevu. Mpenzi yeyote wa kandanda anaijua sare, matokeo yasiyompa mtu haki ya kujigamba. Hata hivyo, katika miaka yangu yote ya kuishi kati ya Mbeya na Iringa, sijalisikia neno hili likitamkwa sokoni, shambani wala ibadani.

Sababu moja, nadhani, ni kwamba kwetu usawa wa mchana na usiku si habari mpya. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza kutimia, saa kumi na mbili jioni hufunga mchana, kisha usiku nao hupewa saa zake kumi na mbili bila upendeleo. Lugha yetu inaichukulia kila siku kuwa sikusare, wala haikosei sana. Iringa iko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta na Mbeya karibu nyuzi 9, na tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mchana mfupi wa Juni haizidi sana saa moja. Mtu wa kaskazini mwa Ulaya, aliyekaa gizani miezi kadhaa, ana haki ya kupamba mayai na kuwasha mioto mwezi Machi. Sisi hatukunyimwa mwanga. Tulichonyimwa tangu Mei ni mvua.

Kwa hiyo anayetaka kuiona sikusare ya Septemba huku Nyanda za Juu Kusini asitazame saa, atazame ardhi. Siku hiyo jua liko juu ya ikweta, linashuka kuja kwetu. Katikati ya Oktoba litasimama utosini mwa watu wa Iringa, na siku chache baadaye utosini mwa watu wa Mbeya. Ukanda wa mvua hulifuata nyuma kwa wiki kadhaa, kama mtumishi mwenye mzigo mzito, na ifikapo Novemba au mwanzo wa Desemba mvua huwa imeshika. Lakini Septemba bado ni vumbi. Vilima vimeungua kwa mioto ya kuandaa mashamba, upepo wa Makambako unapeperusha kofia za abiria, na hata Rungwe, ambako mvua ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nyanda hizi, njia za migombani hupasuka.

Ndipo miombo huchipua. Ukiteremka kutoka Iringa kwenda Idodi mwezi huo, utaikuta imevaa majani machanga yenye rangi ya shaba, ya kutu na ya damu, huku chini yake nyasi zikiwa majivu. Hakuna tone lililonyesha. Miti hiyo hutumia maji iliyoyatunza shinani na yale yavutwayo na mizizi kutoka kina kirefu, ikatoa jani kabla ya mvua. Wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua neno letu la Kibantu, miombo, wakauita msitu huu kwa jina hilo. Lakini majira ambayo miombo huchipua hatujayapa jina katika Kiswahili.

Majina tuliyo nayo yalizaliwa pwani. Kaskazi na kusi ni pepo za majahazi. Demani ni wakati kusi inapolegea na bahari kutulia. Masika na vuli ni mvua mbili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, nasi bara la kusini tuna mvua moja tu, ndefu, inayounganisha miaka miwili. Mwanafunzi wa Tukuyu hukariri masika na vuli darasani, kisha hutoka nje akakuta mbingu isiyojua mtaala. Nyumbani tunasema tu “kiangazi” kwa kila kitu kisicho mvua, ingawa baridi kali ya Juni na joto la Septemba linalosubiri havifanani hata kidogo.

Pwani hiyohiyo ina sikukuu iliyotokana na sikusare, na habari yake inatufaa sisi wa milimani. Watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huadhimisha Mwaka Kogwa, uitwao pia Nairuzi. Jina hilo limetoka katika Kiajemi, maana yake ni siku mpya, na huko Iran siku hiyo huangukia sikusare ya Machi mpaka leo. Lakini mwaka wa kale wa Waswahili ulihesabiwa siku 365 kamili, bila ile siku ya nyongeza ya kila mwaka wa nne. Hivyo sikukuu ikawa inateleza polepole mbele ya jua, karne baada ya karne, na sasa huadhimishwa mwezi Julai. Imepoteza jua lake. Haikupoteza watu wake: wanaume bado hupigana kwa magogo ya migomba ili waache ugomvi katika mwaka uliopita, kibanda bado huchomwa moto, wanawake huimba na watu hula pamoja. Makunduchi wana siku yenye jina iliyoliacha jua. Kwetu mambo ni kinyume chake: jua lipo mahali pake, matendo yapo, lakini jina hakuna.

Nasema matendo yapo kwa sababu nililelewa nayo. Bibi yangu mzaa baba, aliyeishi kijijini karibu na Tukuyu, hakuwahi kusikia habari za ikweta. Alijua tu kwamba jua limeanza kuingia jikoni kwa pembe nyingine na kwamba wakati umefika. Asubuhi moja ya Septemba alizima moto, akakomba majivu yote kati ya mafiga matatu, akayabeba kwenye ungo uliochakaa na kwenda kuyatupa njia panda. Alifagia ua, akanyunyiza maji. Kisha aliteremsha mbegu zilizoning'inia juu ya meko, mahindi na vishada vya ulezi vilivyokauka kwa moshi, akazichambua moja moja kwenye mkeka, zilizotobolewa na wadudu upande huu, nzima upande ule. Jioni alipika makande ya mahindi na maharage ya mwaka uliopita pamoja na chochote kibichi kilichopatikana. Kabla hatujala, alimwaga togwa ya ulezi kidogo chini ya migomba na kuwataja waliotangulia, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayeita watoto waje kula.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mambo haya hayakuwa ya nyumba yetu peke yake. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake Communal Rituals of the Nyakyusa cha mwaka 1959 jinsi majivu ya mekoni yalivyotupwa nje ili kuitakasa nchi. Yaliyokuwa ya nchi nzima, Bibi aliyabeba kwenye ungo mmoja.

Mama yangu aliyaita mambo hayo upagani. Ni mzee wa kanisa na mtoto wa wazee wa kanisa, katika wilaya ambayo Wamoraviani walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, na neno hilo alilipokea likiwa limekwisha kunolewa. Bibi alipofariki, siku ile ilifutika. Majivu yalitolewa kila asubuhi kama takataka nyingine.

Neno lenyewe linastahili kuchunguzwa. Kwa Kilatini, paganus alikuwa mtu wa mashambani, mwanakijiji. Baadaye, dini mpya ilipokwisha kushika miji, neno likawa la kumtaja aliyebaki na miungu ya zamani. Tuna ndugu yake hapahapa: mshenzi, neno ambalo mtu wa pwani alilitumia kwa mtu wa bara kabla halijawa tusi la kila mtu. Mabara mawili, safari moja: anayekaa mjini humtazama anayekaa shambani, kisha anaita shamba dhambi. Ukilirudisha neno kwenye asili yake, bibi yangu alikuwa mpagani kweli. Aliishi shambani na kufanya yaliyolifaa shamba.

Hoja hiyo haikunisaidia kitu siku mama alipokuja kukaa nasi Iringa ili atibiwe macho. Ilikuwa Septemba. Nilikuwa nimeirudisha siku ya Bibi kwa kiasi ambacho nyumba ya mjini inaruhusu: majivu ya jiko la mkaa, ua wa saruji, mche mmoja wa mgomba kwenye kona. Mama aliniona nikimwaga togwa.

“Unafanya nini, mwanangu?”

Nilimweleza. Hakunijibu. Wakati wa chakula aliisogeza sahani yake kando, akaomba chai na mkate. Binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, alitutazama kwa zamu. Nilielewa kwamba naweza kuirudisha siku ya Bibi kwa gharama ya kumfukuza mama mezani, na kwamba Bibi, aliyeita hata wafu waje kula, asingeikubali gharama hiyo.

Baada ya siku kadhaa nilimuuliza mama jinsi tarehe ya Pasaka inavyopatikana. Alijua kwamba inafuata mwezi. Nikamwambia kanuni yote: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake, na tarehe hiyo iliwekwa kwa ajili ya sikusare. Kanisa lake, kila mwaka, huanza kuhesabu sikukuu yake kubwa kuliko zote kutoka siku ambayo jua linavuka ikweta. “Na huku kwetu,” nikaongeza, “Pasaka hukuta mahindi mabichi shambani.” Alinyamaza kwa muda mrefu, akasema: “Mahindi mabichi ni ya Mungu.” Mazungumzo yakaishia hapo.

Aliporudi kijijini alinitumia furushi dogo kwa basi, kitambaa kilichofungwa fundo tatu. Ndani mlikuwa na ulezi mwekundu. Nilipompigia simu alisema: “Ni mbegu ya bibi yako. Nimeipanda kila mwaka tangu alipokufa. Siku yake niliikataa, lakini mbegu ningeiachaje?”

Tangu hapo mama huja Iringa kila Septemba, nasi tumepata namna. Asubuhi binti yangu hutoa majivu, na kwa kuwa njia panda yetu ina pikipiki nyingi, huyapeleka shimoni nyuma ya nyumba. Mama huchambua mbegu, sasa kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Kundi la zilizo nzima huligawa mara mbili: nusu hubaki kwangu, nusu huirudisha nyumbani na kuipeleka kanisani kuombewa kabla ya kupandwa. Mimi hupika. Mahindi ya zamani yaliyokobolewa huloweshwa usiku kucha pamoja na maharage, kisha huchemshwa kwa moto mdogo hadi yapasuke. Mwishoni naongeza njegere mbichi na mboga kutoka vinyungu, zile bustani za mabondeni ambazo watu wa Iringa hulima wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Chungu kimoja hubeba mwaka unaokwisha na mwaka unaoanza. Wali na nyama tunavijua, ila siku hii havihitajiki.

Kuhusu kumwaga togwa hatujakubaliana. Ninapokwenda kwenye mgomba, mama huingia ndani kutafuta chumvi ambayo tayari iko mezani. Hukaa huko kadiri ya majina yanavyochukua kutajwa, kisha hutoka, husali sala ya chakula kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida, na kula. Sahani yake haijasogezwa kando tena. Sijui kama huu ni upatanisho, ila najua kwamba ni mlo mmoja.

Mwaka jana binti yangu alimuuliza: “Bibi, siku hii inaitwaje?” Niliingilia kati na lile neno langu, sikusare, nikaeleza jua na ikweta kwa kutumia chungwa. Mtoto alisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia tena mwenye jibu. Mama alikuwa akipuliza makapi ya ulezi kutoka kiganjani.

“Siku ya kutoa majivu,” alisema, kana kwamba imeitwa hivyo siku zote.

Mimi bado napenda neno sikusare, na ningetamani lipate kazi nje ya kamusi. Nadhani majira ya miombo nayo yanadai jina lake, na lugha za nyanda hizi, Kinyakyusa, Kihehe, Kisafwa, Kibena na Kikinga, zina wazee wanaoweza kutupa jina hilo tukiwahi kuwauliza. Huku tukisubiri, siku hiyo inatunzwa kwa mikono. Ulezi wa Bibi tutaupanda Desemba, ardhi ikisha kulainika.