Asubuhi ya Takaungu: Wa Mwisho Huanza Mbele

Tuliondoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri kwa matatu mbili za kukodi, na nyuma yetu pikapu iliyopakia baiskeli 14 zilizofungwa kamba na kufunikwa leso kuukuu. Tulipolivuka Daraja la Nyali taa za barabarani zilikuwa bado zinawaka. Mtwapa tuliikuta ikifungua maduka, Kikambala tukaipita watoto wakisinzia mapajani mwetu, na kulipopambazuka sawasawa tulikuwa kati ya mashamba ya mkonge ya Vipingo, safu baada ya safu, na mibuyu michache imesimama katikati kama wazee walioachiwa ulinzi. Mbele kidogo, kabla ya kufika Kilifi, dereva alikata kulia akashika njia ya Takaungu.

Takaungu ni mji mdogo wenye habari kubwa. Wamazrui walipoipoteza Mombasa mikononi mwa Sayyid Said wa Oman mwaka 1837, baadhi yao walikwenda Gazi, upande wa kusini, na wengine wakaja kutulia hapa. Leo mgeni hupokelewa na vichochoro vya mchanga, nyumba za mawe zilizochakaa kwa heshima, misikiti, mbuzi wasio na haraka, na chini ya mji mkono mwembamba wa bahari unaoingia ndani baina ya kingo za kijani. Rangi ya maji yake hubadilika kila jua linapopanda. Hapana mawimbi makubwa wala makundi ya watazamaji. Kwa wanawake wanaotaka kuogelea kwa stara, hiyo ni neema ambayo fukwe zetu za Mombasa hazina tena.

Sisi ni kikundi cha akina mama na mabinti wapatao thelathini. Miaka miwili iliyopita tulikuwa watu watano tu, tuliojuana kwa kuwapeleka watoto madrasa. Siku moja tukiwa kizingitini tuliulizana ni nani kati yetu anayejua kuogelea. Hakuna aliyeinua mkono. Tumezaliwa ufukweni, tumelelewa kwa samaki na nazi, baba zetu wengine walikuwa mabaharia, na bado maji yakitufika kiunoni tulikuwa tukiita mama. Tuliona haya, na haya hiyo ikazaa nia. Tulijifunza kuelea kwanza, kisha kuogelea. Baadaye mmoja wetu aliyekuwa akiendesha baiskeli ya mwanawe alfajiri akatushawishi tuongeze baiskeli, na mwingine akasema kwamba mbio hazina gharama, tuziongeze nazo. Hivyo, bila ya kukusudia, tukajikuta tunafanya mchezo unaoitwa traiathloni: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote mfululizo bila ya kupumzika.

Tulipotafuta asili ya mchezo huo tulifurahi kuona kwamba nao ulianzia mahali kama petu. Michezo ya Olimpiki iliupokea Sydney mwaka 2000, kwa masafa ya kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Lakini mashindano ya kwanza kuitwa kwa jina hilo yalifanyika San Diego, Marekani, jioni ya tarehe 25 Septemba 1974, yakiandaliwa na klabu ya mtaani ya wakimbiaji waliotaka kujiburudisha baada ya kazi. Walikuwa watu 46, na miongoni mwao mume na mke, John na Judy Collins, ambao baadaye walianzisha yale mashindano marefu ya Hawaii. Kuogelea kuliwekwa sehemu ya mwisho, na giza likawakuta wa nyuma wakiwa bado majini. Basi magari yalisogezwa ukingoni, yakawasha taa, na wa mwisho wakamulikiwa njia hadi wakafika.

Habari hiyo ya taa tuliipenda na tuliisimulia mara nyingi. Lakini kupenda habari si kuifuata.

Mwaka jana, kwa kutaka kujipa ari, tulianza kupima muda. Kila mwisho wa mwezi tuliandika orodha kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, tukaitundika ukumbini mwa mwenzetu tunakokutania. Kwa kweli orodha ilitutia moto. Walikuwapo wawili, muuguzi na mwalimu wa madrasa, majirani wa mlango kwa mlango, waliotengana kwa dakika moja mwezi baada ya mwezi. Kila mmoja alificha siku zake za mazoezi kama mtu anavyoficha mapishi ya arusi, na bado pampu ya baiskeli waliyokuwa nayo ilikuwa moja, ikirushwa juu ya ukuta wa ua kila Ijumaa. Mashindano ya namna hiyo ni raha. Nasi tunalo fundisho lake ndani ya nyumba ya Mtume wetu (S.A.W.), aliyeshindana mbio na Bi Aisha (R.A.). Bi Aisha alishinda mara ya kwanza. Muda ulipopita na mwili wake ukanenepa, Mtume akashinda, na akamwambia kwa utani kwamba sasa wamelipana.

Lakini orodha ina kichwa na ina mkia. Kwa miezi mitatu mfululizo mkiani alikuwa dada yetu mmoja, mshoni. Huyu ndiye aliyetushonea karibu sote mavazi ya kuogelea ya stara: suruali, kanzu fupi na kilemba chake, kwa kitambaa kisichonywa maji. Siku moja, katika kucheka, mmoja wetu alisema kwamba wa mwisho ndiye mbeba mataulo. Sote tulicheka, naye akacheka, akayabeba kweli hadi garini.

Wiki iliyofuata hakuja. Wala ya pili, wala ya tatu. Tulipompelekea salamu alijibu kwa adabu kwamba msimu wa arusi umefika na nguo za watu zimemzidi. Hatukuwa na sababu ya kumkadhibisha, ila sote tulijua. Kila alfajiri tuliingia baharini tukiwa ndani ya mishono yake. Na kwenye orodha mambo hayakutengenea: mara tu yeye alipoondoka, mama mwingine, mzazi wa watoto sita, akawa wa mwisho. Orodha haikosi wa mwisho.

Aliyetutoa kwenye tope hilo ni bibi yetu mmoja, ambaye haogelei wala hapandi baiskeli. Huja na wajukuu na birika la chai. Alitusikiliza tukilaumiana, kisha akauliza, "Kwani watoto wa mtaani hushindana vipi, wanangu? Mkubwa na mdogo husimama mstari mmoja?" Tukamjibu kwamba sivyo, mdogo hupewa masafa, akasimamishwa mbele. "Basi nyinyi mmekua mkasahau," akasema, akaendelea kumimina chai.

Orodha tukaiteremsha siku ile ile, na kanuni ikawa nyingine. Tulichukua tofauti ya muda baina yetu, tukaigeuza kuwa nafasi ya kuanzia. Mwenye mwendo wa polepole kuliko wote huanza mbele; mwepesi huanza nyuma kabisa, na kazi yake ni kufukuza. Hesabu ikiwa sahihi, kila mtu akifanya kama kawaida yake, sote tunafika pamoja. Atakayetangulia ni yule aliyejipita mwenyewe kuliko wenzake walivyojipita. Tuliichagua Takaungu iwe mahali pa kuijaribu kanuni hiyo, na tulimwalika mshoni. Alikubali kwa sharti moja, kwamba anamleta binti yake tu, yeye hashindani.

Siku yenyewe tuliichagua kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo katika mkono mwembamba wa bahari hupata nguvu za kumchukua mtu. Mwezi unapofika nusu, maji huwa mafu, hupanda na kushuka kwa upole. Kwa hiyo tulikwenda tarehe 9 ya mwezi wa Kiislamu, maji yakiwa yameanza kujaa tangu alfajiri, yakiingia ndani wala hayatoki, ili mwenye kuchoka asukumwe upande wa mji na si upande wa bahari kuu. Wazee wa mji tulikuwa tumewaomba ruhusa wiki mbili kabla. Walitukaribisha, wakatuchagulia sehemu iliyojitenga, na mzee mmoja mvuvi akakaa na mkewe ndani ya mtumbwi, mbali kidogo, wakiwa tayari. Madumu manne ya njano yaliyofungwa kamba yalituonyesha njia: mita 300, kwa kufuata ukingo.

Mshoni alikabidhiwa saa na daftari. Alisimama ukingoni, binti yake pembeni, akatuita mmoja mmoja. Wa kwanza aliingia majini saa mbili kamili, yule mama wa watoto sita. Wa mwisho, msichana wa chuo kikuu aliye mwepesi kutushinda sote, aliitwa dakika 23 baadaye. Hajawahi kungoja kiasi hicho maishani. Alizunguka mchangani kama kuku mwenye yai, akitazama vilemba vya wenzake vikipotea nyuma ya dumu la mwisho, na akakiri baadaye kwamba katika dakika hizo 23 ndipo alipotuona tukiogelea kwa mara ya kwanza, maana siku zote sisi huwa nyuma ya mgongo wake.

Majini palikuwa baridi mwanzo, kisha pakawa pazuri. Tulitoka tukapokelewa kwa leso zilizoshikwa kama ukuta, tukavaa mabuibui mepesi juu ya suruali, tukafunga helmeti juu ya hijabu, tukapanda baiskeli. Njia ya kuelekea barabara kuu ni ya vumbi na mashimo, baina ya minazi na mikorosho. Hatukuifika barabara yenyewe, kwani malori ya huko hayana subira na mtu. Tuligeuzia kwenye mti tulioufunga kitambaa chekundu. Hapo kwenye kugeuza ndipo kanuni mpya ilipoonyesha utamu wake. Zamani, kufikia nusu ya safari, wa mbele walikuwa hawawaoni tena wa nyuma. Safari hii tulipishana uso kwa uso, wote kumi na wanne, na kila tulipopishana tulihesabiana: "Uko wa nne, shoga!" "Angalia nyuma, anakuja!" Mwalimu alianza dakika moja mbele ya muuguzi, na muuguzi akaila dakika hiyo polepole, tundu kwa tundu, kama anavyokula mwenye njaa aliye na adabu.

Mbio zilikuwa za kilomita mbili ndani ya mji. Wanawake wa Takaungu walitoka vibarazani. Wengine walipiga vigelegele, na bibi mmoja alituuliza kwa upole ni nini tunachokikimbia. Tulipomwambia kwamba hatukikimbii kitu, alimwita mkaza mwanawe aje kuona. Katika kichochoro cha mwisho kinachoteremka majini tulijikuta watu watano pamoja, mabega yanagusana, wepesi na wazito, jambo ambalo halikuwahi kututokea. Aliyetangulia ni mama wa watoto sita. Msichana wa chuo alikuwa amewapita wote isipokuwa watatu, akaanguka mchangani akicheka. Muuguzi alimpita mwalimu kwa hatua chache, na mwalimu, kabla hajapata pumzi, alidai marudio.

Wenyeji wetu walitandika mikeka chini ya mwembe, wakateremsha mahamri, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka na chai ya tangawizi. Mshoni alisimama na daftari lake akatusomea. Hakusoma nani alitumia dakika ngapi. Alisoma kila mmoja amepunguza ngapi. Alisoma taratibu kwa sauti ya mtu anayezipenda hesabu. Alipolifikia jina la yule aliyefanya mzaha wa mataulo, alisoma kama alivyowasomea wengine. Mwenzetu huyo alikuwa amekwisha kumwomba radhi garini, njia nzima ya Vipingo, kwa sauti ndogo, na hatukusikia alijibiwa nini.

Ilipokaribia adhuhuri maji yalikuwa yamejaa, yametulia kama sahani, na watoto walirukaruka kwenye kina kifupi. Tulikuwa tukikusanya vyombo tulipomwona mshoni akivua viatu. Alimshika mkono binti yake, akaingia na nguo zake zote, mpaka magotini, mpaka kiunoni, akasimama hapo muda mrefu akiupiga uso wa maji kwa kiganja. Kisha akageuka, akatutazama.

"Nikirudi," alisema, "mtaniweka dakika ngapi mbele?"

Tulitazamana. Muuguzi, ambaye ndiye mweka hesabu wetu, alikokotoa kichwani. "Ishirini na tano."

Mshoni alifikiri, akatikisa kichwa. "Ishirini zinanitosha."

Tuliandika ishirini.