Vyombo vya Babu vya Kupigia Mbizi

Najua wengi wenu mkiona kichwa cha habari hii mtasema, "Huyu wa Bugarama, mtoto wa mpunga, ana habari gani na mambo ya kupiga mbizi?" Swali hilo ni la haki. Huku kwetu maji tunayoyajua ni ya mifereji ya mashamba, ya chemchemi za moto, na ya mto Rusizi ambao mama zetu hutukataza hata kuusogelea. Lakini mto huo hutoka Ziwa Kivu ukaenda kumwagika katika Ziwa Tanganyika, na katika ziwa hilo la pili Babu yangu, mzazi wa Mama, alitafuta riziki yake chini ya maji kwa miaka 37.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukamata samaki wa mapambo. Mwaka 1971 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alianza huko Bujumbura biashara ya kupeleka ng'ambo samaki wadogo wa Tanganyika wenye rangi za kupendeza, ambao watu wa Ulaya na Marekani huwafuga sebuleni katika masanduku ya kioo. Wengi wa samaki hao hawapatikani popote duniani ila katika ziwa lile. Wengine wakaifuata biashara hiyo, na Babu akaingia mwaka 1978 akiwa kijana wa miaka 22. Walishuka na mitungi ya hewa mgongoni, wakasimamisha nyavu kati ya mawe, wakawaswaga samaki humo kwa mikono. Hapo kazi ilikuwa haijaisha. Samaki ana kibofu cha hewa tumboni, na akipandishwa kwa haraka kibofu hicho huvimba naye akafa. Kwa hiyo iliwapasa kuwapandisha kidogo kidogo. Babu husema samaki ndio waliomfundisha subira, kwa maana mwanadamu naye akipanda kwa pupa, damu yake hutoa mapovu kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafula.

Mwaka 2015, Burundi ilipoingia katika machafuko, Babu alirudi kwao Bugarama kwa njia ya Ruhwa. Alikuja na godoro, redio, na sanduku moja la mbao. Ndani ya sanduku mlikuwa na mtungi wa chuma, koti la kuelea, miwani ya majini, mapezi ya kuvaa miguuni, mkanda wenye vipande vya risasi, na kile kifaa cha kupumulia ambacho yeye hukiita detanderi, kwa Kifaransa cha Bujumbura. Mtungi ulikuwa umejaa hewa, na tangu siku hiyo haukufunguliwa. Sisi wajukuu tulikuwa tukijivuna mbele ya wenzetu kwamba chini ya kitanda cha Babu kuna hewa ya Bujumbura.

Pengine mambo yangaliishia hapo, kama Mama mdogo asingeolewa Unguja. Mumewe hufanya kazi katika mashua inayowachukua wapiga mbizi mpaka kisiwa cha Mnemba. Tangu mwaka 2022 Babu huenda kwao kila mwaka baada ya mavuno, akakaa mwezi mzima, na katika mwezi huo hushuka majini siku sita hivi, kwa vyombo vya kukodi. Alipofika miaka 69, yaani mwaka 2025, alitukusanya Jumapili moja mchana akatuambia kwamba amechoka na vya kukodi.

"Nguo ya kuazima haisitiri makalio," alisema. (Wahariri wanisamehe, ndivyo methali ilivyo.)

Wala hakuwa na manung'uniko ya bure. Koti alilopewa safari iliyopita lilikuwa kubwa, likampanda mpaka masikioni kila alipolijaza hewa. Kitufe cha kutolea hewa kilikuwa mahali asipopazoea. Saa ya kuonyesha kiasi cha hewa ilikuwa na tarakimu ndogo mno, hata akawa anamwomba kijana aliye pembeni yake amsomee kwa ishara za vidole. Mtu aliyeshuka majini kabla kijana huyo hajazaliwa! Mimi nadhani hapo ndipo palipomuuma zaidi, ingawa siku ile hakusema.

Basi ikawa njia ni tatu: kuvipeleka vyombo vya sandukuni kwa fundi, au kununua vipya kwa fedha za mpunga, au kuendelea kukodi. Mama aliongeza ya nne, nayo ni kuacha kabisa. Alisema kwamba mzee wa miaka 69 mahali pake ni kivulini, na kwamba fedha zile zilikuwa zimetajwa tayari kwa ajili ya mdogo wangu wa kike anayeingia shule ya bweni. Babu akanitazama. Yeye husoma Kifaransa, na barua za maduka ya vyombo hivyo huja kwa Kiingereza. Kwa hiyo mimi nilitwikwa kazi ya kuuliza, kusoma na kupiga hesabu. Likizo yangu yote ilipita humo.

Nilianza na detanderi. Kwa nje iling'aa, maana Babu huifuta kwa kitambaa kila mwezi. Lakini ndani ya kifaa hicho mna pete na viwambo vya mpira, na mpira huzeeka hata ukilala tu. Hukauka, ukapasuka, au ukanata. Watengenezaji wengi hushauri kifunguliwe na fundi mara moja kila mwaka, na cha Babu kilikuwa kimekaa miaka kumi. Duka nililoliandikia likajibu kwamba vipande vya ndani vya aina ile havitengenezwi tena. Babu akasema yuko fundi Bujumbura aliyekuwa na akiba yake; lakini Burundi ilikwisha kufunga mpaka wake na Rwanda mwezi wa Januari 2024, na hata kama tungepata mtu wa kukipeleka kwa kuzunguka, vipande vya akiba navyo ni mpira wa zamani ule ule.

Nikaja kwenye mtungi, na hapa nilijifunza jambo lililonitisha. Katika nchi nyingi mtungi wa namna hii hutazamwa ndani kila mwaka, na kila baada ya miaka michache, mara nyingi mitano, hujaribiwa kwa kujazwa maji kwa nguvu ili kuona kama chuma bado kinastahimili. Sababu moja ni kwamba unaweza kupasuka. Lakini iko nyingine: unyevu kidogo ukiingia katika mtungi wa chuma huleta kutu, na kutu katika kufanyika kwake hula oksijeni. Saa ya hewa yaweza kuonyesha kwamba mtungi umejaa, na kweli umejaa, ila hewa ile imepungukiwa na kitu kile kile tunachokivutia pumzi. Mtu hataona dalili. Atalala tu.

Nilipomweleza Babu, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mama, aliyekuwa akichambua maharage, akajibu bila kuinua kichwa, "La kuvunda halina ubani." Nikaona methali zetu zimepigana sare, nikarudi kwenye hesabu.

Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kanuni ya Boyle, nami sikudhani kwamba nitaihitaji nyumbani. Mtungi wa lita 12, ukishindiliwa hewa mara 200, hubeba lita 2,400. Mtu akipumua kwa utulivu juu ya nchi hutumia kama lita 20 kwa dakika. Akishuka mita 20 baharini, msongo huwa mara tatu ya ule wa juu, kwa hiyo kila dakika huchukua lita 60, na mtungi wote ni dakika 40. Ukiacha robo kwa ajili ya dharura, zinabaki 30. Sasa chukua detanderi inayotoa hewa kwa shida. Mwenye kuivuta hupumua kwa nguvu, moyo ukaenda mbio, hofu ikaingia, na zile dakika 30 zikawa 20 au 15. Kijana huenda akastahimili. Kwa mzee nafasi ya kukosea ni ndogo, maana taarifa za vifo vya wapiga mbizi wenye umri mkubwa hutaja moyo mara nyingi. Hata fomu ya afya inayotumiwa na vyama vya mbizi humtaka aliyepita miaka 45 kujibu maswali ya ziada.

Sikutaka kumfanya Mama ashinde bure, kwa hiyo nilitaja pia habari za Mwingereza Ray Woolley, ambaye mwaka 2019, akiwa na miaka 96, alishuka mita 42.4 katika bahari ya Kupro mpaka penye meli iliyozama iitwayo Zenobia. Babu alifurahi sana. Mama aliuliza kama huyo Mwingereza hana binti.

Kisha fedha. Kwa bei tulizoandikiwa, seti mpya ya detanderi, koti na saa yake ingetugharimu dola 1,100, bila mtungi. Kuihudumia kwa fundi kila mwaka ni kama dola 100. Kukodi vyombo vyote huko Unguja ni dola 20 kwa siku, yaani dola 120 kwa siku zake sita. Tazameni basi: ada ya fundi peke yake karibu inalingana na kodi ya mwaka mzima, na zile 1,100 hazirudi kamwe. Angekuwa anashuka kila juma, kama zamani, ningemwambia anunue mara moja. Lakini kwa siku sita, seti hiyo ingelala sandukuni siku 359, na kulala ndiko kunakoviua vyombo hivi.

Mimi sikubaliani na wanaosema kwamba cha kukodi ni kibovu kwa sababu si chako. Kifaa kinachofanya kazi kila siku hakifichi ugonjwa wake. Kikivuja leo, kesho mteja atalalamika na fundi atakifungua. Kilicholala ndicho kinachonyamaza. Bila shaka ni lazima uwe na jicho la kuchagua mahali: kuuliza detanderi ilifunguliwa lini, kutazama tarehe iliyopigwa chapa begani mwa mtungi, kunusa hewa kabla ya kuivuta. Jicho hilo wazee wanalo kutushinda sisi. Lakini vitu vinavyoshikana na mwili wa mtu ni habari nyingine. Miwani isiyokaa usoni huingiza maji, na mapezi yanayobana huleta mkakamao wa misuli, ambao mzee huupata upesi. Vitu hivyo havina hewa ya kuharibika ndani yake, ni vyepesi, na bei yake si ya kuuza shamba. Hivyo ndivyo vya kununua.

Nilipomaliza kusoma karatasi yangu, Babu alikaa kitambo akivuta kamba ya kiatu chake. Halafu akasema maneno ambayo sikuyatia katika hesabu yoyote. "Mjukuu wangu, nikifika pale mikono mitupu, mimi ni mtalii kama watalii wengine. Wananionyesha namna ya kutema mate katika miwani! Nikifika na sanduku langu, hawahitaji kuuliza."

Sikuwa na jibu. Mama ndiye aliyesema, naye alisema kwa upole kuliko siku zote, kwamba wakimwona akishuka watajua.

Mwishowe mambo yalipangwa hivi. Kwanza Babu alikwenda kwa daktari Kamembe, maana hilo lilikuwa sharti la Mama; akapimwa moyo na msongo wa damu, akarudi na karatasi na maonyo juu ya chumvi. Akanunua mapezi, na miwani yenye vioo vya kusomea upande wa chini, ambayo mimi sikujua kama ipo duniani. Sasa ataisoma saa ya hewa mwenyewe. Mume wa Mama mdogo aliandikiwa amwekee koti moja la kimo chake na detanderi moja, asibadilishiwe siku zote sita, na siku ya kwanza ashuke penye kina kifupi tu mpaka mikono izoee vitufe. Fedha zilizosalia zilikwenda bwenini kwa mdogo wangu, pamoja na godoro.

Ukabaki mtungi. Kuuacha umejaa chini ya kitanda ilikuwa hatari, na kuusafirisha hivyo haikuwezekana. Siku moja asubuhi Babu aliutoa uani, akaulaza juu ya gunia, akatuamuru tukae mbali, kisha akafungua koki kidogo, kidogo sana, kama apandishaye samaki. Ulilia kwa muda mrefu. Majirani walikuja kutazama, na koki ikawa baridi hata ikatoka jasho. Mdogo wangu akauliza kama ile ndiyo hewa ya Bujumbura, na inanukia nini. Babu akaweka kiganja mbele ya mdomo wa koki, akakileta puani.

"Kutu," alisema.

Detanderi hakuitoa. Imetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chake, naye bado huifuta kila mwezi.