Vipepeo Walipa Karo, Msitu Wapata Walinzi

Mtoto akikimbiza kipepeo, wazazi hucheka. Lakini huku Gede, msomaji, mtu mzima na akili zake hushika wavu akaingia msituni kuwawinda vipepeo, na hakuna anayemcheka. Anatafuta karo.

Ukisafiri kwa matatu kutoka Mombasa kuelekea Malindi, ukishaiacha Kilifi utaona mkono wa kushoto miti iliyofungamana mwendo mrefu. Huo ndio msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi. Humo hukaa bundi mdogo wa Sokoke, ambaye haonekani ila mahali pachache mno duniani, na sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu.

Nilishuka Gede nikashika njia ya Watamu hadi kwenye magofu ya mji wa kale, ambayo mwaka 2024 yalitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hapo kuna banda la wavu lililojaa vipepeo wa kila rangi. Ndiyo makao ya mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 na mtaalamu Ian Gordon, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Wakati huo msitu ulikuwa na maadui wengi. Tembo walitoka usiku wakala mahindi, nyani wakamalizia mchana. Waliokwenda kukata muhugu wa vinyago au kutega paa walikamatwa. Si ajabu basi kwamba wakazi wengi walitaka msitu ukatwe, nao wagawiwe mashamba. Ungewaambia nini watu ambao msitu haukuwapa ila hasara?

Mradi ulikuja na jibu la vitendo. Mkulima humnasa kipepeo jike msituni, akamtia katika kizimba cha wavu chenye mche ambao jamii hiyo ya kipepeo hutagia mayai. Mayai huanguliwa viwavi, nao huanza kula. Na kiwavi ana madaha! Kila aina ina majani yake, na ukimpa mengine atakufa njaa huku chakula kimemzunguka. Kwa hivyo mkulima hulazimika kupanda miche ya msituni karibu na nyumba yake.

Mama mmoja aliyenionyesha vizimba vyake alinieleza kwamba kazi kubwa ni kulinda. Sisimizi wakipata upenyo, jasho la wiki nzima limekwenda. Kiangazi nacho hukausha majani, na pato likapungua.

Kiwavi akishiba hujigeuza pupa, yaani hujifunga ndani ya ganda na kutulia. Hapo ndipo penye pesa. Mradi hununua pupa hao, ukawafunga kwa pamba na kuwasafirisha kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kiingilio kutazama vipepeo wakiruka ndani ya nyumba za vioo. Ni lazima kufanya haraka, maana pupa hangoji. Akichelewa njiani atatokea kipepeo ndani ya sanduku, na hasara ni ya muuzaji.

Mama yule aliniambia pato lake si la kutajirisha mtu, lakini limenunua sare na kulipa karo. Zamani aliuona msitu kama shamba alilonyimwa. Leo akisikia shoka likilia huko ndani, moyo humruka, kwani mti ukianguka na mama wa vipepeo wake hana pa kutagia.

Hata hivyo, biashara hii ina udhaifu wake. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipofunga viwanja vya ndege na nyumba za vipepeo huko ng'ambo, pupa walikosa wanunuzi. Tegemeo la mnunuzi aliye mbali ni kama kigoda cha mguu mmoja. Ndiyo maana ni jambo la busara kwamba mradi huuza pia asali ya wakazi, na kwamba wageni hulipa kuingia bandani.

Niliondoka Gede nikiwaza. Askari wa misitu ni wachache, na msitu ni mpana. Lakini jirani anayepata karo kutokana na mti uliosimama hahitaji kuvalishwa magwanda ili aulinde. Mgala muue na haki umpe: msitu ukitaka ulindwe na majirani, nao wapewe sababu.