Boti yetu ilikataa kujibu

Mulituuliza: ile boti ya kutangaza zamu za maji iko wapi? Tujibu, hata kama ni haya.

Errbot tuliileta toka mjini ndani ya fulashi, juu hapa hakuna intaneti. Tulipoandika errbot --init, ikatengeneza faili ya mipango, folda ya plagini, hata mfano mmoja. Uzuri wake, unaongea nayo palepale kwenye ordinatere, bila mtandao. Tukaandika plagini kwa Python: mtu akiandika !zamu, apate majina. Boti ikajibu kwamba amri hiyo haiijui. Siku tatu! Na jenereta inazimwa saa mbili.

Tukamushitaki mdogo mmoja wa la tatu kwamba aligusa faili. Akafagia chumba cha chakula siku mbili, kimya.

Kumbe plagini inataka faili mbili: ya .py yenye kazi, na ya .plug yenye kuitambulisha. Bila hii ya pili, Errbot inapita tu, haioni kitu. Nasi hatukuiandika.

Tulimuomba musamaha mbele ya kalasi yake, sisi kapita. Akauliza kama anaweza kuandika plagini ya zamu za kuni. Tuko tunamufundisha.