Kilele Nisichokiona

Mlima Karisimbi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, una urefu wa mita 4,507, nao ndio mrefu kuliko yote katika volkano za Virunga. Jina lake latokana na isimbi, yaani simbi jeupe, kwa kuwa mvua ya mawe hukifanya kilele kuwa cheupe.

Tulikuwa wanafunzi sita pamoja na kiongozi wetu. Siku ya kwanza tulikanyaga matope mpaka jioni, tukalala hemani kwa baridi kali. Alfajiri mbingu ilikuwa safi, tukaondoka kwa furaha. Lakini kabla hatujafika juu ukungu ulishuka ghafula, mvua ya mawe ikatupiga, radi ikanguruma.

Kiongozi akasema, "Turudi, vijana."

Nikamjibu kwa hasira, "Mzee, pamebaki kidogo tu!"

"Mlima hauhami," akasema. "Mtazame mwenzako."

Nikageuka. Kumbe rafiki yangu alikuwa akitetemeka, hata maneno yamemshinda. Tangu alfajiri nilitangulia mbele, nisimwangalie hata mara moja. Tulimshika mikono, tukashuka naye polepole.

Ndugu wasomaji, kilele sikukiona, bali rafiki yangu yu mzima.